Mwanzi Katika Ua Mdogo: Hukumu Isitolewe Kabla ya Kuchimbua Shina

Miongoni mwa mimea ijulikanayo sana kwa jina na kidogo sana kwa tabia, mwanzi unastahili kutajwa wa kwanza. Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki huuona karibu kila siku: ni tenga la nyanya sokoni, ni ngazi ya fundi, ni wigo wa nyumba, ni filimbi ya mchungaji. Katika nyanda za juu za Iringa na Njombe ni chanzo cha ulanzi. Katika miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa hata bomba la maji: mafundi mkoani Iringa walitoboa vifundo vya mianzi, wakaikaza mianzi hiyo kwa waya ili istahimili msukumo, na wakayafikisha maji vijijini. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiulizwa kama mwanzi ni mti, na kama mwanzi wote huenea kwa namna moja, aghalabu hunyamaza. Mara nyingi na mwalimu wake pia hunyamaza.

Ukimya huo una gharama. Katika miji, ambako viwanja vinazidi kupungua na kuta za saruji zinazidi kuongezeka, watu wengi wanatafuta mmea wa kuleta kivuli na sitara katika ua wenye upana wa hatua chache tu. Mwanzi hutajwa, na mara hiyo watu hugawanyika makundi mawili. La kwanza husema mwanzi ni adui: hula kiwanja, hupasua ukuta, hukausha maji, huleta nyoka. La pili, ambalo aghalabu lina miche ya kuuza, husema mwanzi ni muujiza: hukua mita kwa siku, hutoa oksijeni kuliko miti yote, humtajirisha mpandaji. Makundi yote mawili hutenda kosa moja, nalo ni kulitumia neno "mwanzi" kana kwamba ni jina la mmea mmoja. Aina za mianzi zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi duniani zapita 1,400. Kuzihukumu zote kwa pamoja ni sawa na kuhukumu wanyama wote wenye miguu minne kwa tabia ya fisi.

Hoja ya makala haya ni kwamba mianzi ya kichaka, yaani ile ikaayo pamoja kwenye shina moja bila kutambaa, inafaa kupandwa katika nyua ndogo na hata katika madebe na mapipa, na kwamba shule za sekondari za mijini zingefanya vema kuwa za kwanza kuipanda. Lakini inafaa kwa masharti, na masharti hayo yana thamani ya kielimu isiyopungua thamani ya mmea wenyewe.

Mwanzi ni nyasi

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba mwanzi si mti. Ni nyasi, wa jamii moja na mpunga, mahindi, muwa na ukoka. Bua lake lina vifundo na pingili kama bua la muwa, na kila pingili changa hufunikwa na ala. Ndani ya bua hamna ile tabaka ya seli iitwayo kambiamu, ambayo huufanya mwembe au mkorosho unenepe mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo bua la mwanzi huchomoza ardhini likiwa tayari na unene wake wote. Hurefuka kwa majuma kadhaa mpaka kufikia kimo chake, kisha haliongezeki tena, si kwa urefu wala kwa unene. Miaka ifuatayo bua hilo hukomaa na kuwa gumu, basi.

Maelezo haya yanajibu swali ambalo wapandaji wengi huuliza kwa masikitiko: kwa nini mwanzi uliopandwa mwaka jana umebaki mwembamba kama fimbo? Jibu ni kwamba fimbo hiyo haitanenepa kamwe. Mabua yatakayofuata ndiyo yatakayokuwa manene zaidi, kwa sababu kila kizazi cha mabua hutengeneza chakula na kukiweka akiba katika shina la ardhini, na akiba hiyo ndiyo ijengayo kizazi kijacho. Anayekata mabua machanga kwa hasira ya kutonenepa kwake huiharibu akiba ambayo ingemletea mabua manene.

Namna mbili za kuenea

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote imefichika chini ya udongo. Mianzi ina mashina ya ardhini, ambayo si mizizi bali ni mashina halisi yenye vifundo na macho, kama lilivyo tunguu la tangawizi. Mashina hayo ni ya namna mbili, na mtaalamu wa Marekani F. A. McClure, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza mianzi, alizieleza kwa ufasaha katika kitabu chake cha mwaka 1966.

Namna ya kwanza ni shina jembamba na refu litambaalo sambamba na uso wa ardhi. Ncha yake husonga mbele daima, na macho ya ubavuni ndiyo yatoayo mabua, hapa moja na pale jingine. Mmea wa namna hii huweza kupita chini ya wigo na kuchomoza kwa jirani bila taarifa. Mianzi mingi ya kundi la Phyllostachys, ambayo asili yake hasa ni China, ina tabia hiyo, na ndiyo iliyoipatia mianzi yote jina baya katika bustani za Ulaya na Marekani.

Namna ya pili ni shina nene na fupi, lenye shingo nyembamba pale lilipoungana na shina mama. Shina hili halitambai. Huanza safari kidogo tu kwa ubavu, kisha ncha yake hupinda kuelekea juu na kugeuka kuwa bua. Shina jipya huota kutoka kwenye jicho la lile lililotangulia, na hivyo mabua hukaa karibu karibu, na kichaka hupanuka polepole kutoka katikati kwenda pembeni.

Mwalimu hahitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Ukoka wa uwanjani na mchaichai wa nyuma ya jiko ni nyasi mbili zinazofundisha jambo hili hili. Ukoka hutambaa, hukatwa leo na kesho umekwisha vuka njia. Mchaichai hukaa fungu moja, nalo hupanuka kwa unyenyekevu, na mama wa nyumba hugawa vikonyo vyake kwa jirani bila hofu ya kuvamiwa. Mianzi ya kutambaa ina tabia ya ukoka. Mianzi ya kichaka ina tabia ya mchaichai. Mtu auchukiaye mchaichai kwa makosa ya ukoka atachekwa, lakini hivyo ndivyo mianzi ya kichaka inavyotendewa.

Hata hivyo mfano huu usichukuliwe kuwa sheria isiyo na tofauti. Iko mianzi yenye shina la namna ya pili ambalo shingo yake ni ndefu, na mabua yake huchomoza mbali na mama. Melocanna baccifera, wa kaskazini mashariki ya India na nchi jirani, ni mmoja wao. Kwa hiyo jina "mwanzi wa kichaka" peke yake halitoshi kuwa kibali cha kupanda. Mnunuzi mwenye busara huomba aonyeshwe mmea mama, na ikiwezekana huchimbua kidogo pembeni atazame urefu wa shingo. Macho yake yatamwambia zaidi ya maneno ya muuzaji.

Ipi ifae ua mdogo?

Katika mwambao na miji ya Tanzania mwanzi uonekanao zaidi ni Bambusa vulgaris, ulioletwa kutoka Asia, wenye mabua ya kijani au ya manjano yenye mistari ya kijani. Ni wa kichaka, lakini ni mkubwa: hufikia mita 10 na kuzidi, na kichaka chake kikongwe huhitaji nafasi ya mita kadhaa kila upande. Kuupanda hatua moja kutoka ukutani ni kujitafutia ugomvi. Si kwamba mizizi yake hupasua misingi kama mizizi ya mkuyu, maana mizizi ya nyasi ni membamba na mingi yake hukaa karibu na uso wa ardhi. Bali ni kwamba rundo la mashina manene likikosa nafasi husukuma kilicho mbele yake. Mwanzi huu ni wa kiwanja cha shule chenye eneo, wala si wa uchochoro. Iko namna yake fupi, yenye pingili zilizovimba chini kama chupa, ambayo hustahimili chombo vizuri zaidi.

Kwa ua mdogo hasa, ulio bora ni Bambusa multiplex, ambao asili yake pia ni Asia. Mabua yake yana unene wa kidole, kimo chake aghalabu ni kati ya mita 3 na 7, na kichaka chake hukaza. Ndiyo sababu katika nchi nyingi za joto hutumika kama wigo hai. Hukubali kukatwa kimo na hukubali kukaa katika pipa.

Mahali penye udongo wa kutosha na ukame wa muda mrefu, mwenyeji wa Afrika asisahauliwe. Huyu ni Oxytenanthera abyssinica, ndugu wa mwanzi wa ulanzi, wenye mabua yaliyojaa au yenye tundu dogo tu. Ni wa kichaka, na umezoea miezi mirefu isiyo na mvua. Mwanzi wa milimani, Oldeania alpina, unaopatikana katika milima kama Meru na Mlima Kenya, ni mwenyeji pia, lakini ni mtoto wa baridi na ukungu. Kuushusha mpaka Dar es Salaam na kuutia debeni ni kuuadhibu.

Debe, pipa na hesabu zake

Mwanzi huota debeni kwa sharti moja: mwenye debe akubali kwamba amechukua juu yake kazi ambayo ardhi ingeifanya. Mmea wa ardhini ukikosa maji huyatafuta. Wa debeni hauna pa kuyatafuta.

Mche waweza kuanza katika debe la lita 20. Baada ya mwaka mmoja au miwili huhamishiwa katika nusu ya pipa la lita 200, yaani chombo cha lita 100. Chombo hicho kitobolewe matundu kadhaa chini na kiinuliwe juu ya matofali ili maji yapate kutoka. Mchanganyiko wa udongo wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga sehemu moja hufaa. Juu yake yatandazwe majani makavu ya mwanzi wenyewe, ambayo huhifadhi unyevu na, yakioza, hurudisha sehemu ya madini yaliyochukuliwa.

Kabla ya kuweka pipa juu ya ghorofa yafaa hesabu ifanywe. Lita moja ya udongo uliolowa ina uzito wa kilo 1.5 au zaidi. Lita 100 basi ni kilo 150 au zaidi, uzito unaozidi wa watu wazima wawili. Mapipa manne kwenye kibaraza chembamba ni kilo 600, na upepo uyapigao mabua ya mita 3 huongeza nguvu ya kupindua. Anayepanga mapipa hayo bila kumwuliza mtu ajuaye ujenzi hahatarishi mimea yake tu, bali na wapitao chini.

Ishara ya kiu ni rahisi kusomeka: majani hujikunja kwa urefu wake kama karatasi ya msokoto. Hilo si ugonjwa. Ni namna ya jani kupunguza eneo lipotezalo maji, na likinyweshwa mapema hufunguka tena. Lakini likiachwa siku kadhaa hukauka na kuanguka.

Kila baada ya miaka miwili au mitatu mashina hujaza chombo, na maji yakimwagwa hupita pembeni bila kunyonywa. Wakati huo kichaka hakina budi kutolewa na kugawanywa kwa panga au msumeno. Kila kipande kiwe na bua la mwaka mmoja, shina lake la ardhini na jicho zima. Bua lipunguzwe libaki pingili tatu au nne, ili majani machache yasidai maji kuliko mizizi iwezavyo kutoa. Mwanzo wa masika ndio wakati wake. Vipande vilivyozidi vitakwenda kwa majirani, na hivyo mmea mmoja huwa kitalu cha mtaa mzima bila senti moja kutumika.

Hoja za waogopao

Si haki kuwapuuza waogopao mwanzi, kwani baadhi ya hofu zao zina msingi.

Kwanza ni mbu. Bua la mwanzi likikatwa katikati ya pingili, kisiki hubaki kama kikombe, na mvua hukijaza maji. Mbu wa jamii ya Aedes, ambaye ndiye aenezaye homa ya dengi, huzaliana katika maji machache kama hayo, na pia katika sahani zinazowekwa chini ya vyungu vya maua. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019. Jambo hili halihitaji mabishano, lahitaji msumeno: kila bua likatwe juu kidogo ya kifundo, pale ambapo ukuta wa ndani umeziba tundu, hata pasibaki kikombe. Na sahani chini ya pipa zisiwepo kabisa. Shule isiyoweza kutimiza sharti hili isipande mwanzi.

Pili ni nyoka na panya. Ni kweli kwamba kichaka kilichoachwa miaka mingi bila kutunzwa, chenye mabua yaliyokufa na lundo la majani, ni maficho mazuri. Lakini kosa hapo ni la mtunzaji. Kila mwaka mabua yenye umri wa zaidi ya miaka mitatu au minne yaondolewe, na nafasi ya katikati iachwe ipitishe mwanga. Ili umri usisahauliwe, wanafunzi watie alama ya rangi kwenye kila bua jipya, rangi moja kwa mwaka mmoja.

Tatu ni sumu. Machipukizi ya mianzi huliwa na mamilioni ya watu huko Asia, na kuna watakaojaribu. Yafaa ijulikane kwamba machipukizi mabichi ya aina nyingi yana kemikali itoayo sianidi, jambo ambalo watu wa pwani wanalijua kutokana na muhogo mchungu. Hayaliwi mabichi. Hukatwa vipande, huchemshwa vya kutosha, na maji yake humwagwa. Wanafunzi waambiwe hivyo siku ile ile mmea unapoingia shuleni. Tena ala za baadhi ya mianzi zina vinyweleo viwashavyo ngozi. Mshika kazi avae glavu au afunge gunia mikononi.

Nne ni maji. Yasemwayo kwamba mwanzi hukausha visima hayawezi kujibiwa kwa neno moja, kwa sababu kila mmea wenye majani mengi hunywa maji mengi. Kichaka kimoja cha uani si msitu kando ya chemchemi. Na kilichomo ndani ya pipa hakinywi ila kile kilichomiminwa na mwenye pipa au na mvua. Hapa swali la haki ni jingine: je, mahali ambapo maji hununuliwa kwa ndoo, ndoo ya mwanzi yatoka wapi? Jibu la adabu ni maji yaliyokwisha kuoshea mboga au vyombo, yasiyo na mafuta wala dawa kali. Pasipokuwa na maji hayo, pipa moja latosha.

Hoja za wasifuo

Wasifuo nao wapimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Ni kweli kwamba mianzi hukua upesi. Huko Japani, mwaka 1956, bua la mwanzi mmoja liliripotiwa kurefuka zaidi ya mita 1 kwa saa 24. Lakini bua lile lilikuwa la aina kubwa, katika shamba lililokomaa, likilishwa na akiba ya mashina mengi ya ardhini. Anayetarajia hayo kutoka katika debe la lita 20 amesahau kuuliza chakula cha kukua kitatoka wapi.

Habari ya oksijeni ni dhaifu zaidi. Jani la mwanzi halina siri yoyote. Hutumia njia ya usanisinuru ile ile itumiwayo na mpunga na ngano. Mahindi, mtama na muwa, kwa hakika, vina njia iliyo bora zaidi penye jua kali na joto. Tena oksijeni ambayo mmea umeitoa hurudi kutumika pindi mmea huo unapooza au kuchomwa. Kinachobaki kama faida ni kaboni iliyohifadhiwa katika bua, na hukaa humo kwa muda ule tu ambao bua limetumika kama nguzo, ngazi au kiti. Hata hapo bua lisilotunzwa huliwa upesi na wadudu wadogo watoboao, wa jamii moja na dumuzi wa mahindi, ambao hufuata wanga. Mafundi wa kale waliokata mabua yaliyokomaa tu na kuyaloweka majini walikuwa wakiondoa chakula cha mdudu, hata kama hawakuiita hivyo.

Na utajiri? Pipa moja la Bambusa multiplex litatoa vijiti vya kusimamishia nyanya na maharage, vijiti vya vibao vya majina katika bustani, na labda fimbo za kuangulia maembe. Litatoa kivuli kwenye dirisha la magharibi na sitara kati ya nyumba na njia. Hayo si machache. Lakini anayeuza miche kwa ahadi ya utajiri wa uani anauza ndoto, na shule zina wajibu wa kuwafundisha watoto kuitambua ndoto kwa hesabu kabla wazazi wao hawajatoa fedha.

Kuchanua na kufa

Kuna jambo moja ambalo makundi yote mawili hulisahau. Aina nyingi za mianzi huchanua mara moja tu katika maisha, baada ya miaka mingi, kisha hufa. Melocanna baccifera uliotajwa hapo juu huchanua takriban kila baada ya miaka 48, misitu mizima kwa wakati mmoja. Katika jimbo la Mizoram huko India ulichanua mwaka 1958 na 1959. Mbegu zilipojaa ardhini panya waliongezeka kupita kiasi, na zilipokwisha waliyageukia mashamba. Njaa ikafuata. Chama kilichoundwa kuwasaidia wenye njaa kiligeuka kuwa cha kisiasa, maasi yakaanza mwaka 1966, na amani haikupatikana mpaka mwaka 1986. Mianzi ile ikachanua tena kati ya mwaka 2006 na 2008, wakati huu watu wakiwa na tahadhari.

Mwenye pipa moja hana haja ya kuogopa njaa. Lakini funzo lipo: miche iliyogawanywa kutoka mmea mmoja ni mmea ule ule kwa urithi, na huenda ikachanua na kufa pamoja. Bambusa vulgaris, ambao huchanua kwa nadra sana na hautoi mbegu za kutegemewa, umeenezwa duniani kwa vipandikizi. Shule zikipanda, zisipande zote kutoka kichaka kimoja.

Pipa moja, masomo manne

Faida kubwa ya mwanzi wa pipani kwa shule ni kwamba hufundisha kwa vipimo. Katika biolojia, wanafunzi watie alama za wino kwa nafasi sawa kwenye pingili changa, waangalie ni sehemu ipi irefukayo. Wataona kwamba urefu huongezeka chini ya kila pingili, karibu na kifundo, wala si kwenye ncha ya bua peke yake. Katika hisabati, wapime kimo cha chipukizi asubuhi na jioni kwa majuma sita na kuchora mchoro. Mstari utaanza polepole, utapanda kwa kasi, kisha utalala, na umbo hilo watalikuta tena katika mambo mengi ya viumbe hai. Katika fizikia, wapime debe zima kwa mizani ya sokoni kila asubuhi. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji iliyokwenda hewani. Wakifunika udongo kwa nailoni siku moja na kuuacha wazi siku ya pili, watatenga maji yaliyopita majanini na yale yaliyopanda kutoka udongoni. Katika jiografia, waulize kila aina ilitoka wapi, nani aliileta, na kwa nini ile ya mlimani haishuki pwani.

Majaribio hayo yahitaji debe, rula, wino, mizani ya kuazima na daftari. Hayahitaji maabara ambayo shule nyingi bado hazina. Kila mara inaposemwa kwamba sayansi haiwezi kufundishwa kwa vitendo kwa kukosa vifaa, jambo hili likumbukwe. Vifaa ni haki ya mwanafunzi, na madai yake yasiachwe. Lakini wakati madai yanaendelea, nyasi zinaota.

Ushauri kwa shule basi ni huu. Kabla ya masika, mwalimu wa biolojia atafute kichaka kilichokwisha zoea hali ya hewa ya wilaya yake, akichimbue pembeni mbele ya wanafunzi, na darasa liamue kwa macho yake kama shingo ni fupi au ndefu. Ikiwa ni fupi, wachukue kipande kimoja chenye jicho zima na kukitia debeni. Wachaguliwe wanafunzi wawili kila juma wa kumwagilia, kupima na kukagua visiki. Daftari la vipimo lisifungwe muhula unapokwisha, bali likabidhiwe kwa darasa lifuatalo, maana mabua ya mwaka wa tatu ndiyo yatakayoonyesha kama akiba ya miaka miwili ya kwanza ilitunzwa.